Kete, Visanamu na Mizigo: Mwanagenzi wa Mchezo wa Vita wa Mezani na Historia ya Vita vya 1914–1918 katika Usambara

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna mwanagenzi anavyoingizwa katika mchezo wa vita wa mezani unaotumia visanamu, na athari ya namna hiyo katika uelewa wake wa historia ya vita. Hoja kuu ni kwamba kanuni za kuanzia, tangu karne ya 19, zimetanguliza mwendo wa vikosi, ufyatuaji wa risasi na mapambano ya ana kwa ana, na kuahirisha ugavi wa chakula na uchukuzi. Katika vita vya Afrika Mashariki vya 1914–1918 mambo hayo yaliyoahirishwa ndiyo yaliyoamua mwenendo wa vita na ndiyo yaliyoua watu wengi zaidi. Kwa kuliweka suala hili Lukozi, wilayani Lushoto, na kwa kulinganisha na mafunzo ya bao, insha inapendekeza utaratibu wa kuanza ambao unamweka mpagazi juu ya meza tangu zamu ya kwanza.

1.0 Utangulizi

Kila mchezo wenye kanuni nyingi huwa na mlango wa mwanagenzi. Kanuni hupunguzwa, uwanja hufinywa, na baadhi ya mambo husubiri mpaka mchezaji apate uzoefu. Uamuzi kuhusu lipi litangulie na lipi lisubiri huonekana kuwa wa kimafunzo tu. Hata hivyo, mchezo unapoigiza tukio lililopata kutokea, uamuzi huo huwa pia wa kihistoria. Jambo linaloahirishwa ni sehemu ya tukio lenyewe, na mara nyingi ni sehemu iliyobebwa na watu ambao nyaraka ziliwataja kwa idadi tu, bila majina.

Mchezo wa vita wa mezani, kwa maana inayotumika hapa, ni ule ambao wachezaji wawili au zaidi hupanga visanamu vya askari juu ya meza iliyotengenezwa kwa mfano wa ardhi, huvisogeza kwa zamu kwa kupima kwa rula, na huamua matokeo ya mapigano kwa kurusha dadu na kusoma jedwali. Kisanamu kimoja huweza kuwakilisha mtu mmoja, au watu ishirini, au kikosi kizima, kwa kadiri ya kipimo kilichokubaliwa.

Insha inaiweka meza hiyo Lukozi, katika nyanda za juu za Usambara Magharibi, kaskazini mwa mji wa Lushoto. Uteuzi wa mahali hapo una sababu mbili. Kwanza, nyanda hizo zimeinuka juu ya bonde lililopitiwa na reli ya Usambara, ambayo ilikuwa mshipa wa vita katika kaskazini-mashariki ya koloni la Kijerumani tangu mwaka 1914 hadi katikati ya mwaka 1916. Pili, Lukozi ni nchi ya wakulima wa viazi na mboga, ambao mazao yao hutoka katika mashamba ya miteremko hadi barabarani yakiwa kichwani au mgongoni mwa mtu kabla ya kupakiwa katika lori. Mtu aliyelelewa katika hali hiyo hahitaji kuelezwa kwamba umbali wa mlimani hauishii katika urefu wa njia. Maarifa hayo ni mtaji wa kihistoria ambao vitabu vya kuanzia mchezo huu havijautumia.

2.0 Chimbuko la mchezo na nafasi ya mwanagenzi

Mchezo huu ulianza kama chombo cha mafunzo ya kijeshi. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimwonyesha Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prusia meza yenye vipande vya ardhi vinavyopangwa na kupanguliwa, pamoja na vipande vingine vilivyowakilisha vikosi. Mwanawe, aliyekuwa ofisa wa mizinga, alichapisha mwaka 1824 kanuni zilizoboreshwa. Meza ilibadilishwa na ramani ya skeli ya 1:8,000, dadu ikaingizwa ili kuwakilisha bahati ya vita, jedwali zikaonyesha hasara, na mwamuzi akapewa kazi ya kuwaficha wapinzani kile ambacho wasingeweza kukiona katika uwanja halisi. Karl von Müffling, mkuu wa makao makuu ya jeshi la Prusia, aliupendekeza mchezo huo kwa vikosi vyote. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alipendekeza kwamba jedwali zipunguzwe na mwamuzi mwenye uzoefu aachiwe mamlaka makubwa zaidi ya kuamua.

Mwanagenzi wa mchezo huo alikuwa ofisa kijana. Hakuja mezani mikono mitupu. Nje ya chumba cha mchezo alikwisha kuona farasi wakilishwa, mikate ikiokwa na magari ya kukokotwa yakikwama matopeni. Mchezo ulipoacha kuyaeleza hayo kwa kina, haukumpotosha sana, kwa kuwa maisha ya kambini yalikuwa yamemfundisha tayari. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza majeshi ya Kijerumani katika Afrika Mashariki, alilelewa katika jeshi hilo na kupata mafunzo ya ofisa wa makao makuu.

Hali ilibadilika mchezo ulipohama kutoka kambini kwenda sebuleni. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha Little Wars, kitabu cha kanuni za kuchezea vita sakafuni kwa askari wa kuchezea na mizinga midogo ya springi inayorusha vijiti. Kanuni kuu za kitabu hicho ni fupi na zinaeleweka haraka: namna ya kupanga uwanja, kusogea, kufyatua mizinga, na kuamua mapambano ya karibu. Kanuni kuhusu ugavi na uchukuzi zimo pia, lakini zimewekwa katika kiambatisho, kwa ajili ya wasomaji wanaotaka kuukaribia mchezo wa maofisa. Mpangilio huo wa kurasa una maana kubwa kwa hoja ya insha hii. Msomaji wa kiraia, ambaye hakupata kuishi kambini, alikutana kwanza na vita visivyokula. Chakula cha jeshi kilimsubiri nyuma ya kitabu.

Vitabu na bidhaa zilizofuata zilidumisha mpangilio huo. War Games cha Donald Featherstone, kilichotoka mwaka 1962, kiliwaingiza wengi katika mchezo huu nchini Uingereza. Mwaka 1983 ilitoka Warhammer, iliyoupeleka mchezo katika ulimwengu wa kubuni. Leo mwanagenzi wa Ulaya au Marekani kwa kawaida huanza na boksi moja lenye vikosi viwili vidogo, dadu chache na kijitabu cha kanuni fupi. Huunganisha visanamu vyake, huvipaka rangi, na hupigana pambano moja dogo. Njia hiyo ni nzuri kwa kufundisha mchezo. Swali linaloulizwa hapa ni kama inafaa kufundisha vita vilivyopiganwa katika Usambara.

3.0 Tanga 1914: meza ya kwanza na kilichobaki nje yake

Miongoni mwa mapigano ya Afrika Mashariki, yale ya Tanga ya Novemba 1914 ndiyo yanayomvutia mwanagenzi kwa urahisi zaidi. Yalichukua siku chache, uwanja wake ni mdogo, na matokeo yake yalikwenda kinyume cha matarajio. Jeshi la Uingereza na India lenye watu wapatao 8,000, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, lilishuka karibu na Ras Kasone. Lilikabiliwa na askari wapatao 1,000 wa Lettow-Vorbeck, nalo likarudi melini. Hata nyuki walioshambulia wapiganaji wamehifadhiwa katika simulizi za vita hivyo.

Mwanagenzi anayepanga meza ya asubuhi ya tarehe 4 Novemba huwakuta askari wa Lettow-Vorbeck wamekwisha kufika. Kwa kipimo cha kisanamu kimoja kwa watu ishirini, huweka visanamu 50 upande mmoja na 400 upande wa pili, kisha hushangaa kuona wachache wakishinda wengi. Atatafuta sababu katika yale yaliyo mbele yake, yaani ushujaa, nidhamu, makosa ya jenerali, au nyuki. Sababu hizo zina nafasi yake. Lakini meli ya kivita Fox ilipofika Tanga tarehe 2 Novemba kutoa onyo, ulinzi wa mji ulikuwa mdogo sana. Kilichobadilisha hali kati ya siku hiyo na tarehe 4 ni reli. Njia hiyo, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi kabla ya vita, iliwashusha askari kutoka eneo la Kilimanjaro, umbali wa takribani kilomita 350, huku Waingereza wakichelewa kuteremka pwani.

Kwa hiyo mwendo ulioamua pambano ulifanyika nje ya meza, tena kabla ya zamu ya kwanza. Ulipita chini ya milima ya Usambara, katika Mombo na Korogwe. Meza ya Tanga ikianza tarehe 4, Usambara hutoweka katika historia ya vita ambavyo iliviwezesha. Ikianza tarehe 2, mchezaji wa upande wa Kijerumani huwa na askari wachache mjini, mabehewa njiani, na hesabu ya saa. Pambano ni lile lile, lakini swali linalomkabili mchezaji limebadilika.

4.0 Hesabu ya mzigo

Reli ilikuwa na mwisho wake. Pale ilipokoma, mzigo ulipanda kichwani mwa mtu. Wanyama wa kukokota na kubeba walikufa kwa wingi katika maeneo yenye mbung'o, na barabara zilizofaa magari zilikuwa chache. Kampuni ya uwanjani ya jeshi la Kijerumani ilikuwa na askari kati ya 160 na 200, na pamoja nao wapagazi wapatao 250. Maana yake ni kwamba, hata kabla ya kuhesabu wapagazi wa njia za nyuma, katika kampuni yenyewe wabeba mizigo walikuwa wengi kuliko wabeba bunduki.

Hesabu rahisi inaonyesha uzito wa jambo hili. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25, na mtu mmoja anahitaji takribani kilo moja ya nafaka kwa siku. Akipeleka chakula mahali palipo umbali wa siku 10 na kurudi, yeye mwenyewe hula kilo 20 njiani. Kinachofika kwa askari ni kilo tano. Umbali ukiwa siku 12 na nusu, hakifiki kitu. Kila hatua ambayo jeshi lilisogea mbali na reli iliongeza idadi ya watu waliohitajika, nao wakaongeza idadi ya vinywa. Hali hiyo ndiyo iliyowafanya watawala wa pande zote mbili kuwakusanya wanaume vijijini kwa maelfu, mara nyingi kwa nguvu, na kuchukua nafaka za wale waliobaki.

Usambara ilikuwa ndani ya hesabu hiyo. Wakati wa vita Wajerumani walijenga njia nyepesi ya reli kutoka Mombo hadi Handeni, ambayo matoroli yake yalisukumwa kwa mikono ya watu, ili kuunganisha reli ya Usambara na nchi ya kusini. Katika Usambara Mashariki, taasisi ya utafiti ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1902, ilitengeneza kwinini kwa ajili ya jeshi baada ya njia za baharini kufungwa. Majeshi ya Jenerali Jan Smuts yaliposhuka kwa kufuata mto Pangani mwaka 1916, yalifika Mombo mwezi Juni, na katika mwezi huo huo Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, ikaangukia mikononi mwa Waingereza. Ushindi huo uliyapeleka majeshi mbali zaidi na reli, katika nchi ya mvua na malale, na idadi ya wapagazi ikapanda.

Waliolipa gharama hiyo wanajulikana kwa makadirio tu. Idadi rasmi ya wapagazi waliokufa wakilitumikia jeshi la Uingereza ni takribani 95,000, wengi wao kwa maradhi na utapiamlo, na Geoffrey Hodges, katika utafiti wake wa mwaka 1986 kuhusu kikosi cha wapagazi, ameonyesha kwamba idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Idadi hiyo inawapita kwa mbali askari waliouawa kwa risasi katika vita hivyo. Lugha imewakumbuka: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimetokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho. Sanamu zimewakumbuka kwa namna isiyo sawa. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, ni ya askari mmoja mwenye bunduki. Ile ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Tofauti hiyo ya sanamu za mitaani ndiyo inayorudi katika visanamu vya mezani, kwani katika mchezo ambao kila nguvu inayohesabiwa ina umbo, asiyekuwa na kisanamu hahesabiwi.

5.0 Bao kama malezi ya mwanagenzi

Mwanagenzi wa Lukozi haanzi bila malezi ya mchezo wa mezani. Afrika Mashariki ina bao, na katika bao kuna njia ya kuingia iliyokomaa kwa muda mrefu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kete 64, ambazo kwa desturi ni komwe. Kila mchezaji humiliki safu mbili, naye hushindwa safu yake ya mbele ikibaki tupu au akikosa cha kucheza. Alex de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa Zanzibar katika utafiti wake wa mwaka 1995, ameonyesha ukubwa wa kazi ya akili inayohitajika kulicheza vizuri.

Mambo matatu katika bao yanahusu hoja hii. La kwanza ni akiba. Katika bao lenyewe kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni: sita katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Kete 22 hubaki nje na huingizwa moja moja katika hatua ya kunamua. Mpaka akiba hiyo iishe, mchezaji hapimwi kwa kilichoko ubaoni peke yake. Mtu aliyezoea kunamua ataitazama Tanga ya tarehe 2 Novemba kwa jicho jingine, kwa kuwa anajua kwamba uwanja unaoonekana mtupu huenda una kete zinazokuja.

La pili ni hatima ya kinacholiwa. Kete iliyoliwa haiondoki mchezoni, bali hutawanywa katika mashimo ya aliyeila na kuanza kumfanyia kazi. Katika meza ya visanamu, kinyume chake, kilichopigwa huondolewa na kuwekwa kando. Historia ya Tanga iko karibu zaidi na bao. Waingereza walipoondoka waliacha bunduki nyingi, bunduki za rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000. Jeshi la Lettow-Vorbeck, ambalo askari wake wengi walikuwa na bunduki za zamani zenye kutoa moshi mzito, lilizitumia kuzipatia kampuni zake silaha za kisasa. Neno mtaji, ambalo sokoni ni mali ya kuanzia biashara, baoni ni mchezo wa kula. Mahali pote pawili linahusu kitu kinachozaa kingine.

La tatu ni jina. Mwanagenzi wa bao huanzia bao la kujifunza, ambamo kete zote huwekwa ubaoni tangu mwanzo, mbili katika kila shimo, na hatua ya kunamua haipo. Kwa hiyo bao nalo humwahirishia mwanagenzi akiba. Tofauti iko katika kukiri. Jina lenyewe linatangaza kwamba hicho ni cha kujifunzia, na wazee waliokaa barazani hawamwachi kijana aamini kwamba amekwisha kulijua bao. Mwanagenzi hujua kuna kitu kinachomsubiri, hata kabla ya kukijua kitu chenyewe. Kanuni za kuanzia za mchezo wa visanamu hazina ukiri wa namna hiyo. Aliyezimaliza huamini ameonja vita, na kiambatisho humfikia akitaka.

6.0 Utaratibu wa kuanza unaopendekezwa

Kutokana na uchambuzi huo, utaratibu wa mwanagenzi anayetaka kujifunza historia ya Usambara kwa mchezo huu unaweza kupangwa kwa hatua nne, kwa vifaa vinavyopatikana kijijini.

Hatua ya kwanza ni ardhi. Barabara kutoka Mombo hadi Lushoto ina urefu wa takribani kilomita 33 na hupanda takribani mita 1,000. Kwa skeli ya Prusia ya 1:8,000 njia hiyo ingehitaji meza ya zaidi ya mita nne. Kwa skeli ya 1:20,000 inatosha meza ya mita 1.65, na kila mita 100 za mwinuko huwa nusu sentimita. Vipande kumi vya maboksi vyenye unene huo, vikipangwa kimoja juu ya kingine, vinautoa mlima wote. Mwanagenzi anayekata vipande hivyo kwa mkono hujifunza umbo la nchi kabla ya kujifunza kanuni yoyote.

Hatua ya pili ni visanamu. Kwa kipimo cha kisanamu kimoja kwa watu ishirini, kampuni ya askari 200 huwa na visanamu 10, na wapagazi 240 huwa visanamu 12. Udongo wa mfinyanzi unatosha kuvitengeneza. Jambo la lazima ni kwamba visanamu vya wapagazi vifinyangwe sawa na vya askari, kwa idadi kamili, wala visibadilishwe na alama moja ya karatasi iliyoandikwa "mizigo".

Hatua ya tatu ni chakula. Zamu moja iwe siku moja. Punje moja ya haragwe iwe kilo 20, yaani posho ya siku ya kisanamu kimoja. Kisanamu cha mpagazi hubeba punje 25, kwa kuwa watu ishirini wenye kilo 25 kila mmoja hubeba kilo 500. Kampuni nzima hula punje 22 kwa siku. Wapagazi wote 12 wakibeba chakula pekee, huwa na punje 300, nayo kampuni hudumu siku 13. Nusu ya mizigo ikiwa risasi, dawa na mahema, chakula hubaki punje 150, na siku ya saba posho haitoshi. Mwanagenzi anayeipandisha kampuni yake kutoka Mombo, bila adui yeyote mezani, atakuwa ameona njaa ya jeshi kabla ya kurusha dadu ya kwanza ya mapigano.

Hatua ya nne ndiyo mapigano. Sasa kanuni fupi za mwendo, risasi na mapambano zinaweza kuingizwa, pamoja na mwamuzi anayeficha kisichoonekana. Meza ya Tanga ianzie tarehe 2 Novemba, na zamu za reli zihesabiwe. Dadu ya maradhi irushwe kwa wapagazi kama inavyorushwa kwa askari, na kwinini ya Amani ipunguze makali yake. Silaha za aliyeshindwa zisitupwe kando, bali zihamie kwa mshindi kwa kufuata desturi ya bao. Mpangilio huu unageuza ule wa vitabu vya kuanzia: kiambatisho kimekuwa sura ya kwanza.

7.0 Pingamizi mbili

Yawezekana kupinga kwamba kuwafinyanga wapagazi ni kuwafanyia mchezo wafu. Pingamizi hili lina uzito, hasa katika nchi ambayo wajukuu wa waliochukuliwa bado wanaishi katika vijiji vile vile. Hata hivyo, mchezo wa vita vya Afrika Mashariki unachezwa tayari katika nchi nyingine, na Tanga ni mada inayofahamika kwa wachezaji wake. Kumwacha mpagazi nje ya meza hakumpi heshima yoyote, kwani vita huendelea kuchezwa kana kwamba hakuwapo. Heshima inahitaji masharti: mpagazi ahesabiwe, kifo chake kiandikwe katika daftari la mchezo kama cha askari, na mwisho wa mchezo hesabu hiyo isomwe pamoja na jina la mshindi.

Pingamizi la pili ni kwamba bao si mchezo wa vita. Halina ardhi, halina bahati, wala halina kilichofichika isipokuwa mawazo ya mpinzani. Hili ni kweli, na insha haidai vinginevyo. Ramani, dadu na mwamuzi ni mchango wa Prusia ambao bao haliwezi kuufidia. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi, nacho kinatosha: bao huzoesha akili kuhesabu akiba na kufuatilia kile kilicholiwa kinakokwenda, na mazoea hayo ndiyo yanayokosekana kwa mwanagenzi aliyefunzwa na boksi la kuanzia.

8.0 Hitimisho

Insha imeonyesha kwamba mlango wa mwanagenzi katika mchezo wa vita wa mezani una historia, na kwamba historia hiyo ni ya Ulaya. Uliundwa kwa maofisa waliokwisha kuijua kambi, ukarithiwa na raia wasioijua, na katika kurithiwa huko chakula na mzigo vikasukumwa nyuma ya kitabu. Kwa vita vya Ulaya ya magari na barabara hasara ya mpangilio huo yaweza kuvumilika. Kwa vita vya 1914–1918 katika Afrika Mashariki, mpangilio huo unawaondoa wengi wa waliokuwapo na wengi wa waliokufa.

Kwa watafiti wa historia, matokeo ya uchunguzi huu yanahusu mbinu. Mchezo wa mezani unaweza kutumika kama chombo cha kuhoji vyanzo, kwa sababu hulazimisha hesabu: mtu hawezi kusogeza kampuni kutoka Mombo bila kuamua ni nani aliyebeba nini na kwa siku ngapi, nayo nyaraka za kijeshi mara nyingi huruka swali hilo. Kwa walimu wa Lushoto, matokeo ni ya karibu zaidi. Wanafunzi wa Lukozi wanaijua miteremko, wanaujua uzito wa gunia, na wengi wao wameona kete zikinamuliwa. Wakipewa udongo, maboksi na kopo la maharage, wanaweza kuianza historia ya vita hivyo kwa watu 240 wa kila kampuni ambao hawakuwa na bunduki.